Sivui, natafuta kitoweo: kisa cha dodoso moja pwani ya Mtwara

Kabla ya yote

Kisa hiki nimekuwa nikiwasimulia wahojaji wapya kwa mdomo, kila mara kipande tu. Sasa nakiandika chote. Kijiji sikitaji, wala shirika lililotoa fedha, wala mwaka. Majina yameondolewa, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya mwenyeji aseme "huyu ni fulani" nimevigeuza. Hesabu zilizomo ni za kazi yetu ndogo, si za mkoa. Mtu asizinukuu kama takwimu za wanawake wa Mtwara.

Mimi nilikuwa msimamizi wa wahojaji. Kwa hiyo makosa mengi ya humu yalipita mikononi mwangu kabla ya kufika kwa mtu mwingine.

Usuli

Shirika lilitaka kujua kaya zinaishi kwa kutegemea nini: nani ndani ya nyumba anafanya kazi gani, anapata nini, na nani anaamua juu ya kilichopatikana. Vijiji vilikuwa vitano. Vinne vya bara, kwenye mikorosho, na kimoja cha pwani. Nitaongelea hicho cha pwani, ingawa vile vinne vitarudi mwishoni.

Wenyeji wa pale ni Wamakonde wa pwani, wengi wao hujiita Wamaraba. Mbele ya kijiji kuna tambarare pana ya miamba na majani ya bahari, na hapo ndipo kisa chote kimelala, kwa hiyo asiyeijua pwani ya kusini anivumilie kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, saa nne hivi, ukiacha kule kwa usiku. Mwamba wote unabaki wazi kwa saa kadhaa. Kati ya bamvua moja na jingine huja maji mafu: bahari inasitasita, haitoki kwa maana ya kutoka, na mwamba haufunuki. Toka bamvua hadi bamvua ni siku 14 au 15. Kalenda hiyo kila mtu kijijini anaijua bila kutazama ukutani. Ratiba yetu sisi ilipangwa ofisini, kwa kutazama ukutani.

Dodoso liliandikwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hakuona la kwanza akalirudisha kwenye Kiingereza ili kupima kama maana imebaki. Utaratibu huo ni mzuri na naupendekeza hadi leo. Swali la 14 lilisomeka: "Je, katika miezi 12 iliyopita umevua samaki au viumbe wengine wa baharini?" Lilipita mtihani wa tafsiri bila mkwaruzo. Lilikwenda "kuvua" na likarudi lilivyokuwa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba dodoso lilikuwa ndani ya tableti, na swali la 14 lilikuwa lango. Akijibu "ndiyo", yanafunguka maswali 22: anavua nini, kwa zana gani, anamuuzia nani, fedha inashikwa na nani. Akijibu "hapana", programu inaruka yote hayo na kwenda kwenye sehemu ya mifugo. Dodoso la "ndiyo" lilichukua kama dakika 50. La "hapana", nusu saa haifiki. Na wahojaji walikuwa wakilipwa kwa dodoso, siyo kwa siku.

Majaribio tuliyafanya kwenye mtaa mmoja mjini, kwa sababu nauli ya kwenda kijijini na kurudi ilionekana kubwa mno kwa siku moja ya kujaribu. Mjini swali la 14 halikumsumbua mtu. Hakuna aliyekuwa akienda mwambani.

Wiki ya dodoso

Barua za utambulisho zilishuka ngazi zote, mkoa hadi wilaya hadi kata hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji akatupokea vizuri. Wazee walituuliza kama tumekuja kwa habari za gesi, tukasema hapana. Wakauliza kama ni habari za hifadhi ya bahari, tukasema hapana. Nadhani hawakutuamini kwa lolote kati ya hayo mawili, ila chai tulipewa.

Kaya 120 zilichaguliwa kutoka kwenye madaftari ya vitongoji vinne, kwa kuruka idadi sawa ya majina kila mara. Wahojaji sita, siku nane. Katika kila kaya tulimhoji mwanaume mkuu wa nyumba na mwanamke mkuu wa nyumba, kila mmoja kwa dodoso lake.

Siku tano za mwanzo kazi ilikwenda kama maji ya mtungi. Wanawake walikuwa nyumbani, wakisuka ukili, wakipembua mchele, wakitupa nafasi. Nilikuwa nikizunguka kukagua, na mara mbili nilikaa pembeni mhojaji akiwa kazini. Kwa swali la kazi, jibu lilikuwa lilelile: "Mie nipo tu nyumbani." Kwa swali la 14: "Hapana, sivui." Mhojaji anagonga "hapana", tableti inaruka. Mume naye, akiwa kibarazani hatua nne kutoka hapo, anaitikia kwa kichwa.

Siku ya sita milango ikaanza kufungwa. Siku ya saba nilipokea simu tatu kabla ya saa nne na nusu: "Hayupo." "Kaenda." "Nimeambiwa nirudi mchana." Mwongozo wetu ulisema kaya isiyopatikana mara mbili ibadilishwe na ya jirani inayopatikana. Nikaruhusu. Katika siku hizo tatu za mwisho tulibadilisha kaya 17.

Siku hiyo ya saba nikamuuliza mtoto wa mlango mmojawapo, wa miaka saba au minane hivi, mama yake yuko wapi. Akashangaa kuulizwa. "Si maji yametoka?"

Nikashuka pwani. Mwamba wote ulikuwa umejaa wanawake. Wameinama, kanga zimefungwa juu ya magoti, ndoo mkononi au kichwani, mchokoo, fimbo ya kuchokolea pweza, mkono wa pili, mmoja baada ya mwingine hadi kule ambako mawimbi yanavunjika. Wa karibu nami alikuwa mama ambaye siku nne nyuma nilikaa kwenye mkeka wake nikimsikia akisema havui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nawe umekuja kutafuta kitoweo?"

Ndani ya ndoo kulikuwa na pweza watatu na kombe kiasi cha bakuli mbili. Nikamwambia, kwa utani lakini moyo ukinidunda, kwamba juzi alitwambia havui.

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Kuvua navua nini mie? Nina chombo? Nina nyavu? Wanaovua si hao," akaonyesha mashua kwa ncha ya mchokoo. "Mie natafuta kitoweo."

"Na pweza wote hao ni kitoweo?"

"Huyu ni kitoweo. Hawa wawili wa tajiri."

Tajiri, yaani mnunuzi wa pweza, alikuwa amekaa chini ya mnazi na mizani yake, akisubiri maji yarudi.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa dodoso. Wahojaji wawili walitaka tubadilishe swali la 14 usiku huohuo. Nilikataa. Zilibaki kaya zisizozidi 20, na kama tungebadilisha tungekuwa na mafungu mawili yasiyolinganishika ndani ya faili moja. Tukamaliza siku ya nane na lile dodoso bovu tukijua ni bovu. Kati ya wanawake 120, waliosema wanavua walikuwa 9.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuomba fedha za kurudi. Shirika liliuliza kwa nini, na niliandika ukurasa mmoja tu, wenye picha ya mwamba na hesabu hiyo ya 9. Wakatoa fedha za siku kumi. Tukazigawa kwa kufuata mwezi: ushuhudiaji, yaani kwenda kujionea wenyewe mwambani, ufanyike siku za bamvua, dodoso lirudiwe siku za maji mafu, wanawake wakiwa nyumbani.

Ushuhudiaji tuliuanza vibaya. Siku ya kwanza wahojaji wawili wa kiume walisimama ufukweni na vizibao vya shirika, ubao wa kuandikia mkononi, wakihesabu watu kila nusu saa. Pwani hii imezoea doria. Watu waliovaa sare na kushika karatasi ufukweni hawajawahi kuleta heri. Kufikia saa nne na nusu, wakati mwamba ulipaswa kujaa, tulihesabu watu chini ya 20. Mama mmoja alipita karibu na kuuliza kama ushuru ungeanza mwezi huo au ujao.

Tukasimamisha. Nikaenda kwa bibi mmoja ambaye mtendaji wa kijiji mwenyewe alinielekeza kwake, mtu anayesikilizwa na wanawake wa pale kwa mambo mengi yasiyonihusu. Hakuuliza habari za barua ya mkoa. Aliuliza mambo mawili: nani atakayesoma tunayoandika, na kama mtu atatajwa jina. Nikajibu. Jioni akaita wanawake uani kwake, nasi tukaeleza tena, safari hii kwa maneno mafupi.

Kesho yake walikwenda wahojaji wetu wawili wa kike, bila vizibao, na ndoo zao. Hawakujificha, kila aliyekuwa mwambani alijua ni akina nani na wamefuata nini. Mmoja alizaliwa Newala na hajawahi kukanyaga mwamba. Alitembea na yeboyebo zake kama anayetembea juu ya mayai, akachomwa na miiba mguuni kabla ya saa moja kuisha, na nadhani mguu ule ulifungua milango mingi kuliko barua zote tulizobeba. Wakamfundisha. Tundu lenye vipande vya magamba na kaa mlangoni lina mwenyewe ndani, maana pweza hula na kutupa taka nje. Mchokoo usichomwe kwa hasira, uingizwe polepole mpaka aushike mwenyewe. Akishatoka apigwe mwambani mpaka alainike. Siku ya tatu alimtoa wake wa kwanza, na kelele zake zilisikika hadi kwa tajiri.

Kuandika walikuwa wakiandika baada ya kurudi, chini ya mwembe, kabla ya kula. Mambo ya kukumbuka kwa kichwa ni mengi na yanapotea haraka, kwa hiyo kila mmoja aliandika peke yake kwanza, ndipo wakalinganisha. Hesabu ya watu niliifanya mimi na mhojaji mwingine tukiwa mbali, juu kwenye minazi. Siku ya kwanza yetu hapo tulihesabu mwamba uleule, dakika ileile, mimi nikapata 41, yeye 57. Tulibishana hadi tukagundua kwamba yeye alihesabu watoto, mimi sikuhesabu. Tukaweka kanuni: mtoto aliyebeba chombo cha kutilia anahesabiwa, anayecheza hahesabiwi. Kuanzia hapo tofauti yetu haikuzidi watu watatu wanne.

Halafu ikaja habari ya chandarua. Siku ya nne kundi la wanawake sita walikuwa wakitanda uduvi kwenye maji ya magoti, na walichotumia kutandia vilikuwa vyandarua vya mbu vilivyoshonwa pamoja. Zana hiyo kisheria hairuhusiwi, nao wanajua. Siku ya vizibao hawakuonekana kabisa. Mhojaji wetu alipiga picha kwa simu na kuandika majina matatu aliyoyafahamu. Nilimwambia afute picha mbele yangu na akate majina, abakishe hesabu: watu sita, zana gani, muda gani. Shirika baadaye liliomba picha kwa ajili ya ripoti. Nikajibu hatunazo, na lilikuwa jibu la kweli kwa sababu hiyo ya kufutwa.

Sababu yangu ilikuwa ndogo. Tulimwahidi bibi yule kwamba hakuna atakayetajwa. Mtu anaweza kusema ufukwe ni mahali pa wazi, kila mpita njia anaona, hivyo ridhaa haina nafasi. Lakini mpita njia hakualikwa mwambani, na sisi tulialikwa. Mwenzangu mmoja aliona tulipaswa kuliacha jambo lote nje ya ripoti. Mwingine aliona kunyamaza ni kuwasaidia kumaliza mazalia ya samaki. Tuliandika kwamba vyandarua vinatumika, bila kitongoji na bila idadi. Hadi leo sina hakika kama huo ulikuwa mstari sahihi. Najua tu kwamba ulihitaji kuchorwa kabla ya kwenda, siyo tukiwa tumesimama ndani ya maji.

Dodoso la pili

Swali la 14 tuliliua. Mahali pake tukaweka matatu, kwa maneno tuliyoyasikia mwambani: "Bamvua lililopita ulikwenda pwani?" "Ulirudi na nini?" "Kipi mlikula, kipi ulimpa mtu, kipi kilikwenda kwa tajiri?" Miezi 12 tuliitupa. Hakuna anayekumbuka pwani kwa miezi 12, lakini bamvua lililopita kila mmoja alilikumbuka siku kwa siku. Na wanawake walihojiwa na wanawake, jikoni au nyuma ya nyumba, mume akiwa na dodoso lake upande wa mbele.

Fedha zilitosha kaya 60 za vitongoji viwili. Tukachukua zote 17 ambazo mwanzo tulizibadilisha kwa sababu hazikupatikana, na 43 zilizokwisha kuhojiwa.

Matokeo

Katika zile 43, mara ya kwanza wanawake 3 walisema wanavua. Mara ya pili 29 walisema bamvua lililopita walikwenda pwani na kurudi na kitu. Katika zile 17 tulizozikimbia, walikuwa 14.

Zaidi ya nusu ya waliokwenda walimuuzia tajiri sehemu ya walichopata. Hapo ndipo maswali 22 yaliyokuwa yamefungwa yalipofunguka, na sehemu iliyotushangaza ni ile ya fedha: kwa wengi ilikuwa inashikwa na mwanamke mwenyewe, ikienda kwenye daftari la mtoto, sabuni, mchezo wa kupeana. Waume kadhaa walipoulizwa kama wake zao wana kipato walijibu hapana. Baadhi, nadhani, walikuwa hawajui. Baadhi walikuwa wanajua na wanajua pia kwamba halisemwi.

Shirika likaandika upya sura ya kijiji cha pwani. Jedwali la kwanza, lenye wanawake 9 kati ya 120, nililiomba libaki kwenye kiambatisho pamoja na maelezo ya kilichotokea. Likabaki, ingawa kwa herufi ndogo.

Uchambuzi

Kisa cha aina hii, darasani, mara nyingi huunganishwa na safari za mwanasosholojia wa Marekani, Richard LaPiere. Mwaka 1930 hadi 1932 alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakapita hoteli na migahawa 251, na mara moja tu wakakataliwa. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo kuwauliza kama wangepokea wageni Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana. Aliyachapisha mwaka 1934, na tangu hapo hutumika kuonyesha kwamba watu husema hili na kutenda lile.

Sisi tulipotoka pwani siku ile, mhojaji mmoja alisema hivyohivyo: "Wametudanganya." Nadhani hapo ndipo kosa kubwa zaidi lingezaliwa. Yule mama hakusema uongo. Kwa Kiswahili cha pale, anayevua ana chombo au ana wavu, na karibu kila mara ni mwanaume. Aendaye mwambani kwa miguu yake anatafuta kitoweo, hata kama nusu ya kitoweo kinaishia kwenye mizani. Aliulizwa swali, akalijibu kwa usahihi. Tafsiri ya kurudi haikuweza kulikamata jambo hili kwa sababu watafsiri wote wawili walikuwa wakizungumza Kiswahili kimoja, cha ofisini, na neno lilikwenda na kurudi bila kupita kijijini. Majaribio ndiyo yangelikamata, nayo tuliyafanya mahali pasipo na mwamba, tukiokoa nauli.

Kosa la pili lilikuwa la sampuli, na hili naliogopa zaidi kwa sababu halionekani ndani ya faili. Kanuni ya kaya mbadala inaonekana haina madhara: hayupo huyu, mchukue wa jirani. Lakini jirani anayepatikana saa nne asubuhi siku ya bamvua ni yule ambaye hakwenda pwani. Tulikuwa tukiwachuja waendao kwa mkono wetu wenyewe, mmoja mmoja, na kuwaweka wasioenda mahali pao, kisha tukiandika "mwitikio asilimia 100". Hesabu ya 14 kati ya 17 ndiyo ushahidi. Bara jambo hilohilo hutokea msimu wa korosho, na siku ya mnada.

Malipo kwa dodoso nayo yana lake. Sina ushahidi kwamba mhojaji yeyote alisukuma jibu la "hapana". Lakini mmoja aliniambia baadaye, bila kuulizwa, kwamba siku ya tatu alisikia mama akisema "sivui, labda pwani tu", naye akagonga "hapana" kwa sababu jibu lilianza na hapana. Ukimlipa mtu kwa dodoso na ukampa tableti inayoruka maswali 22, umeshamwambia unataka nini.

Upande wa ushuhudiaji, siku ya vizibao ni kisa cha zamani kwa sura mpya. Tangu majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932, wanafunzi hufundishwa kwamba anayetazamwa hubadilika. Kama data za Hawthorne zenyewe zilionyesha hivyo bado kunabishaniwa. Mwambani hapakuwa na ubishi. Ila sidhani kilichowakimbiza ni kutazamwa. Tajiri aliwatazama kila siku. Kilichowakimbiza ni kutojua mtazamaji ni wa nani. Kwa hiyo wale wanaosema dawa ni kujificha na kutazama kwa siri, kwa kesi hii, wananipa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kuna jambo moja sikulifanya vizuri na haliwezi kurekebishwa tena. Kati ya dodoso la kwanza na la pili tulibadilisha neno, tukabadilisha muda wa kukumbuka, tukabadilisha mhojaji, tukamwondoa mume, na tayari tulikuwa tumekaa nao siku tano mwambani. Yote kwa pamoja. Kutoka 3 hadi 29 ni mruko mkubwa, lakini sijui neno lilichangia kiasi gani na kuondoka kwa mume kiasi gani. Nilichopaswa kufanya ni rahisi: nusu ya zile 43, kwa kuchagua kwa bahati nasibu, waulizwe swali la zamani kwa hali mpya, nusu nyingine swali jipya. Isingegharimu senti. Nilikuwa na haraka ya kupata hesabu sahihi nikasahau kujua kwa nini ya kwanza ilikosea.

Ushuhudiaji nao una mipaka yake, na sikuona haja ya kuipamba kwenye ripoti. Siku tano za bamvua moja, kipindi cha kaskazi. Bamvua la usiku hatukwenda. Kusi hatukuiona. Na hesabu ya watu mwambani haikwambii nani mwenye pweza, nani aliyetumwa, nani anayelipa deni. Hayo yalitoka kwenye dodoso, lilipokuwa limejifunza kuzungumza.

Mkutano wa mrejesho

Tulirudi kusoma matokeo kijijini. Watu walikaa chini ya mwembe, wanaume mbele, wanawake nyuma kama kawaida. Niliposoma kwamba wengi wa wanawake wana kazi pwani, wanaume wakacheka, na mmoja akasema kwa sauti kwamba sasa kitoweo nacho kitalipiwa leseni. Bibi yule alingoja kicheko kiishe.

"Mmetuhesabu, sawa," akasema. "Na wale wa bara mliowaandika hawana kazi, mliwauliza korosho anaiokota nani?"

Kwenye vijiji vile vinne swali lilisema "unalima zao gani". Dodoso lilikuwa lilelile, na wahojaji walewale, na lilikwisha kukusanywa kabla hatujashuka pwani. Fedha za kurudi bara hazikuwepo. Data zile ziko kwenye faili hadi leo kama tulivyozichukua.